Mwaridi wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa nyumba ya mwisho kuelekea baharini hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Mpitie na kola imekaa upande, atakunyoosha hapo hapo, pini mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Hata mwaridi wake umekiona cha moto. Kila asubuhi huufuta majani kwa kitambaa chenye maji, maana upepo wa bahari huyaachia chumvi, kisha huyafunga matawi kwenye nguzo kwa vipande vya nguo, wima, kama wanafunzi mstarini. Wateja wote wameshatangaziwa kwamba yanakuja maua ya pinki, yenye harufu ya kuwafuata mpaka kwao. Mwaka wa pili huu, majani matupu. Wateja wameanza kuuliza kama ni mchicha.

Juzi jirani yake akachungulia juu ya ukuta. “Shoga, njoo uone maua yako.”

Fundi akapanda kigoda mbio. Kumbe tawi moja lilimponyoka, likavuka, likajilaza juu ya ukuta wa jirani, nalo limejaa maua ya pinki toka mwanzo hadi mwisho. Akanusa, macho kayafumba.

“Mimi nimeufanyia nini mwaridi huu, usinizalie kwangu?”

“Umeusimamisha miaka miwili! Nani anazaa amesimama?”

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akashuka, akachukua mkasi, akakata vifundo vyote na kuyalaza matawi ukutani, moja moja. La mwisho likakaa limepinda. Mkono ukaenda kulinyoosha, ukasita, ukarudi kiunoni.