Mkanda Nilioukaza Nikienda Mikumi

Nilitoka Kilosa kwa sababu moja tu: mama yangu alitaka kumwona dada yake, Mama Mkubwa Tabu, kabla hajapanda basi la saa saba mchana pale Mikumi na kuhamia Tukuyu kwa mwanawe. Mama alikuwa na doti ya kanga aliyoipata baada ya kupanga foleni siku mbili katika duka la ushirika. Kipande kimoja cha dada, kimoja chake, wavae sare. Mimi nilikuwa na gari alilotuachia marehemu baba na, kwa kuwa ni mwalimu, ujuzi wa kila kitu.

Siku moja kabla ya safari, fundi wa gereji alifungua boneti akaniambia, "Mwalimu, mkanda umelegea. Ukaze."

Miaka ile redio ilituhimiza asubuhi na jioni tufunge mikanda kwa ajili ya taifa. Nikamjibu kwa uzalendo, "Tunakaza wote, ndugu yangu." Nikarudi nyumbani, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali.

Saa mbili asubuhi tukaondoka. Gari lilipiga mluzi kila nilipokanyaga mafuta, nami nikamweleza mama kuwa injini imechangamka. Kisha taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi mbele yangu. Nikaifunika kwa bahasha isinisumbue macho.

Saa nne tuliingia Ulaya. Wasomaji wa mbali wasinionee wivu. Ulaya yetu ni kijiji cha njiani. Mluzi ulikuwa umekoma, nami nikajipongeza kwa dakika chache, mpaka mvuke ulipoanza kutoka kwenye boneti.

Aliyetukimbilia ni fundi wa baiskeli aitwaye Mrisho, aliyekuwa akiziba pancha kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuna basi la kuwahi."

Mrisho akachungulia ndani, akachomoa utepe wa mpira mweusi uliokatika. "Mkanda wenyewe huu, mwalimu. Injini inauzungusha, nao unazungusha feni, pampu ya maji na dainamo ya kuchaji betri. Ukilegea, unalia. Ukikatika, maji hayazunguki, injini inachemka. Kwani haikupiga kelele?"

"Ilipiga," mama akasema. "Nikaambiwa imechangamka."

"Na taa nyekundu haikuwaka?"

Mama akaibandua bahasha.

Mrisho akajaribu kamba ya katani, ikateleza. Akasema labda kitambaa kirefu, kisokotwe. Nikavua shati, akalipima kwa macho, akanirudishia. Mama akatazama jua, akafungua furushi, akatoa kanga moja. Aliichana mwenyewe, akianzia kwa meno. Mlio ule wa kuchanika sijausahau.

Mrisho akaisokota, akaifunga palipokuwa na mkanda. Injini ilipopoa tukaongeza maji, tukaenda mwendo wa mkokoteni, tukisimama kila baada ya maili chache kukaza fundo. Sasa nilikuwa nakaza mkanda kweli.

Mikumi tulilikuta basi linanguruma. Mama Mkubwa alikuwa dirishani. Mama akampa kanga yake, wakashikana mikono.

"Yako iko wapi?" Mama Mkubwa akauliza.

"Inazungusha feni ya mwalimu."

Walicheka mpaka wakatokwa machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Kisha basi likaondoka. Walipata dakika tano, na wangepata saa nzima na zaidi kama mwalimu angeelewa neno moja. Hawakuonana tena.

Mikumi haikuwa na mkanda wa kuuza, kama ilivyokuwa desturi ya maduka yetu, hivyo tulirudi Kilosa polepole kwa ule wa kanga. Mama hakunilaumu njia nzima, na hilo liliniuma kuliko lawama. Nimejifunza kwamba mkanda hubonyezwa kwa kidole gumba kabla ya safari, na ukizama sana umelegea. Nimejifunza pia kwamba taa nyekundu si pambo.

Kesho yake fundi wa gereji aliniuliza, "Mwalimu, mkanda uliukaza?"

"Nilikaza wangu," nikamwambia. "Wa gari alitoa mama."