Kidole Gumba cha Mwongozaji

Mwongoza watalii wetu huhesabu vichwa kwa kugonga migongo ya viti, kisha hutangaza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Aliyeachwa anyooshe mkono!" Mimi dereva wake nimeusikia mzaha huo kila safari, na bado nacheka, kazi ni kazi. Kule kileleni, wageni wakishajipanga kwenye uzio wa vyuma, yeye husimama akiwatazama wao, mandhari yote ameipa kisogo, na kidole gumba kinaelekeza nyuma ya bega lake: mto ule, msitu ule, maporomoko yale. Kidole hicho hakikosei. Nilidhani ni adabu tu ya kutowapa wageni mgongo.

Jumamosi bibi mmoja aliganda pale kwenye uzio, haendi mbele wala harudi nyuma, na wajukuu zake wakaanza kumcheka. Mwongozaji akamshika mikono yote miwili, na nikaona kwamba inayotetemeka zaidi ni yake yeye mwongozaji.

"Niangalie mimi usoni, bibi," akamwambia taratibu. "Huu mwaka wa kumi na moja naleta watu hapa, na huko chini sijachungulia hata siku moja."