Kwenu Kuna Sukari?

Wiki iliyopita, nesi wa kliniki moja hapa Arua aliniuliza, "Kwenu kuna sukari?" Nilichelewa kujibu, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa mtoto, nikadanganya.

Alasiri hiyo haboba, bibi aliyenilea, alianguka jikoni kwetu Koboko. Pumzi yake ilinukia mapera yaliyoiva kupita kiasi, nikadhani ameyala bila kunigawia. Leo najua ile ilikuwa harufu ya ugonjwa wenyewe. Majirani walimbeba hadi dispensari, nami nikafuata nimeshika viatu vyake. Dresa, yaani mhudumu wa tiba wa pale, mzee mwenye koti la kaki, aliinama akaniuliza, "Haboba yako iko na sukari?"

Siku zile sukari ilikuwa haionekani madukani, na aliyekutwa nayo alichukuliwa na askari. Sisi tulikuwa na kopo moja, tumelificha chini ya gunia la mtama.

"Hapana iko," nilisema. "Hata kidogo hapana iko."

Mzee akachemsha mkojo wa haboba na dawa ya buluu juu ya taa ya spiriti. Buluu ikageuka polepole, ikawa rangi ya tofali.

"Iko," akasema. "Mingi."

Nikajua kopo letu limeonekana. Nikalia, nikamwambia lilipo, nikamwomba asiwaambie askari.

Hakucheka. "Hiyo ya kopo kula wewe, mtoto," akasema. "Haboba hapana gusa tena."

Nesi alikuwa bado ananingoja, kalamu mkononi.

"Iko," nikamjibu. "Mingi."