Mgeni Aliyelala Kitanda cha Bi Piroska

Bi Piroska Bodnár alitumia umri wake wa kazi akitunza kabati za nguo katika bafu moja la maji moto hapo Budapest, na kazi hiyo ilimfundisha kutoshtuka. Aliwahi kuona waheshimiwa wakikimbia na taulo tu kiunoni, na meno ya bandia yakielea bwawani. Alipostaafu alibaki peke yake katika nyumba ya chumba kimoja na jiko, kwenye jengo kuukuu ambalo milango yake yote hutazama uani na watu hupita kwenye roshani ndefu. Mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba jambo la kumshtua halijazaliwa.

Asubuhi moja ya Septemba alirudi kutoka sokoni na kapu la pilipili hoho, akafungua mlango, akakuta jozi ya viatu vikubwa vya kiume imepangwa vizuri kando ya ukuta. Marehemu mumewe hakuwahi kupanga viatu hata siku moja. Akachungulia chumbani. Kitandani mwake, chini ya blanketi lake, alikuwa amelala pande la mtu lenye ndevu, likikoroma kama mashine ya kusaga.

Kapu likamponyoka, pilipili zikabingirika kila upande. Yule mtu akafumbua macho, akakurupuka, akavuta blanketi hadi kidevuni kama mwali.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo ya nini! Nani wewe? Toka kitandani mwangu!"

"Mama, mimi nimepanga hapa. Nimeshalipa."

"Umemlipa nani? Aliyekufa ni mume wangu, mimi bado nipo!"

Ufagio ulikuwa tayari mkononi. Mgeni akajieleza haraka haraka, jicho moja kwenye ule ufagio. Jina lake Lőrinc, mpishi wa shule, Mhungari wa ng'ambo ya mpaka, kutoka vijiji vya milimani huko Romania. Tangu utoto alitamani kuuona mji huu. Alikuja kwa basi la bei ya chini, magoti kidevuni usiku kucha, akachagua chumba cha bei ya chini kuliko vyote. Mwenye chumba hakumwona kwa macho. Alitumiwa ujumbe tu: ufunguo umo kwenye kisanduku getini, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto.

"Hapa ni ghorofa ya kwanza," alisema Bi Piroska.

"Nimehesabu mwenyewe, mama. Moja, mbili."

"Umehesabu na ile nusu ghorofa ya chini, yenye dari fupi! Hiyo haihesabiwi. Ya pili iko juu ya kichwa chako."

Lőrinc akawa mwekundu hadi masikioni. "Mimi nilipoona kandambili mlangoni na keki ya plamu mezani, nikasema, kumbe watu wa mjini ni wakarimu hivi."

"Umekula keki yangu?"

"Vipande viwili tu."

Bi Piroska akafungua kinywa amtukane, kisha akageuka kuutazama mlango. "Hebu ngoja. Wewe umeingiaje humu?"

"Kwa ufunguo."

Akampokonya. Akautia mlangoni, ukazunguka laini kama umepakwa siagi. Akautoa, akauweka kando ya wake: mapacha. Ndipo akakumbuka kwamba alipokuwa bibi harusi serikali ilikarabati jengo zima, na mafundi wakaleta makufuli ya milango ndani ya kreti moja, yote ya aina moja. Kumbe miaka yote hiyo amekuwa akifunga mara mbili na kuvuta kitasa kuhakikisha, na kila jirani ana ufunguo wake mfukoni!

"Tumelala milango wazi," alinong'ona, akaketi.

Hakuketi sana. Imani yote ilimtoka rohoni, akatoka na yeye roshani, hadi mlango wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Humo alikaa Bwana Dezső Kárász, mzee aliyekuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji. Waligombana zamani juu ya kukung'uta mazulia uani, na tangu hapo hawakuamkiana.

"Mama, usifungue nyumba ya mtu," alisihi Lőrinc nyuma yake, akihangaika na mkanda wa suruali.

"Sifungui. Nataka kuona tu kama unazunguka."

Ukazunguka. Mlango ukasogea kidogo, harufu mbaya ikatoka, na kwenye sakafu ya jiko ukaonekana mguu wenye soksi ya kijivu.

Bi Piroska alipiga ukelele uliofungua madirisha ya uani. Lőrinc akampita kama upepo. Mzee alikuwa amelala kati ya meza na ukuta, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, macho wazi.

"Yu hai! Mama, piga simu! Mimi namletea maji!"

Bwana Dezső alimtazama jirani yake. "Umeingiaje wewe?"

"Kwa ufunguo wangu."

"Mwizi," alisema mzee, machozi yakimlengalenga. Alipolowanisha midomo akaongeza: "Nimekugongea ukutani tangu juzi."

Hapo ndipo Bi Piroska aliposhtuka kweli. Yote ya kabla yake yalikuwa mchezo. Kwa maana alisikia. Jioni mbili alisikia ngo, ngo, ngo, akadhani mzee anamchokoza kwa sababu ya redio. Alishika mpini wa ufagio akamgongea na yeye kwa nguvu zaidi, kisha akaongeza sauti ya redio.

"Ukanijibu," alisema Bwana Dezső. "Nikafurahi. Nikasema, sasa anakuja."

Gari la wagonjwa likamchukua. Bi Piroska alikaa jikoni mwake kama kisiki. Lőrinc aliziokota pilipili zote, akapika supu bila kuomba ruhusa, akamwekea kijiko mkononi.

"Nenda ukatembee, mwanangu. Hukuja kuuona mji jikoni kwangu."

"Niende peke yangu nikapotee tena? Kesho tutakwenda wote."

Kesho yake walikwenda kwa miguu. Walikaa juu ya ukuta kando ya Danube wakala mkate na jibini ya kondoo kutoka mfuko wa Lőrinc, huku watalii wakipanga foleni kwa kahawa. Kwenye daraja lenye simba wa mawe Lőrinc alivua kofia.

"Huwa nawasimulia watoto shuleni kuhusu hawa simba," alisema. "Kumbe sikuwa nadanganya."

Bi Piroska hakuwatazama simba. "Mtu anakufa, mimi naongeza redio."

Lőrinc hakumwambia hapana, si kosa lako. Alilitazama kasri kule kilimani, mahali alipokuwa ametamani kufika kuliko pengine pote, akavaa kofia yake. "Twende hospitali," alisema. "Hilo limejengwa kwa mawe, haliendi popote."

Wodini Bwana Dezső alimpima mgeni kuanzia ndevu hadi viatu. "Umepata mume mpya?"

"Huyu? Nilimkuta tu kitandani kwangu."

Wodi nzima iligeuka. Mzee alicheka hadi nyonga ikamfanya alie.

Lőrinc aliondoka kwa basi la jioni bila kupanda kilimani. Wakazi wa jengo walikutana, wakapigiana kelele, wakabadilisha makufuli yote. Bwana Dezső alihamia kwa mpwa wake mji wa Vác, na baadhi ya Jumapili Bi Piroska alipanda treni kwenda kumwona. Mara ya kwanza alipiga moyo konde amwombe radhi. Mzee alikuwa akimenya tufaha kwa kisu kidogo. Akakata nusu, akampa kabla hajafungua kinywa, akamuuliza kama bei ya viazi sokoni imepanda tena.