Maua ya Njano ya Syombua
"Wee Syombua, hilo gugu unalimwagilia maji ya nini, na hata mbuzi wamelikataa?" jirani yake Kalekye alimuuliza siku moja.

Syombua alicheka tu. Udongo wake pale Kambu ni wa magadi, mahindi hayashiki. Lakini mwaka aliomzika mumewe, maua hayo ya njano yaliota yenyewe juu ya kaburi. Watoto walienda Mombasa, simu zikapungua, naye akabaki akiyasalimia maua kila asubuhi kama watu wa nyumbani.

Juzi aliugua. Akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakaja na majembe kumsafishia boma, kaburi likiwemo. Syombua akajikokota hadi mlangoni na blanketi lake.

"Asanteni, Mungu awabariki. Limeni kote, lakini hayo ya njano mniachie."