Siku Mama Alicheza Sauti ya Ordinateur Yangu

Bon, munanisumbua sana juu ya ile mambo, leo nitaisema, lakini mungojee nimalize mbele ya kucheka, sababu mupaka leo nikipita karibu na haut-parleur yoyote, ile ya kupaza sauti, hata ya kanisa, hata ya matanga, haya inanipanda mu uso, na ninaharakisha miguu kama mutu mwenye kuiba kuku.

Ilikuwa wakati wa chama kimoja, ule wakati tulikuwa bote ba-citoyen na ba-citoyenne, hakuna monsieur, hakuna kuvaa cravate, na batu balikuwa banasema hata mutoto mwenye kuwa mu tumbo ya mama yake iko tayari mwanachama. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza ku université, mu sciences, na nilikuwa ninaishi na mama yangu, Mama Asha, sisi wawili tu, sababu papa alikufa nikiwa mudogo. Mama alikuwa anauzisha bitenge mu soko, lakini kazi yenye alipenda kupita zote ilikuwa animation: yeye njo alikuwa mukubwa wa banamuke ya quartier bale banavaa kitenge ya chama na kucheza wakati mukubwa fulani anakuja kutembelea. Alikuwa mukali! Alikuwa anabaambia, "Mbele ya mukubwa, hata nyoka ipite mu miguu yenu, munacheza tu." (Musisahau hiyo maneno, hapana, musahau tu, mutaona wenyewe.)

Sasa, tonton yangu Ramazani, ndugu ya mama, alikuwa mufanyabiashara wa kahawa, nyumba yake ilikuwa ku Simi-Simi, pembeni ya uwanja wa zamani wa ndege. Safari moja alirudia Bruxelles na ordinateur ndogo, kompyuta ya clavier tu, kitu ya plastiki unaweza kubeba mu kwapa, unaiunganisha na télé na maneno yako inatokea mu télé. Alisema itamusaidia kuhesabu magunia. Haikuhesabu hata gunia moja. Aliangalia mule mu kitabu yake siku mbili, kichwa ikamuuma, akaniita: "Zaina, we njo unasoma mahesabu, ona kama unaweza kuisemesha."

Nikaisemesha. Ku mwisho ya kile kitabu kulikuwa mufano mudogo wa mchezo, machine inaficha namba na we unaitafuta, basi nikajisemea, kama inaweza kuuliza namba, inaweza kuuliza pia "unaenda wapi?" na "unafanya nini?", na njo vile nilianza mchezo yangu mwenyewe, sijawahi kuona mwingine, hakuna mutu wa kunifundisha. We mwenye kucheza unakuwa musafiri, unatoka Kisangani kwa miguu unaenda kutafuta zahabu kule Bafwasende, unakuwa na nguvu kidogo, chikwangue mbili, ile mikate ya mihogo, na panga, na mu njia unakutana na batu, mwingine anakuuzishia chakula, mwingine anakudanganya, na kila taabu yenye unashinda inakuongezea nguvu. Picha hakuna, maneno tu. Lakini mimi, nikikaa pale mbele ya télé, nilikuwa naona poli, nasikia hata majani. Nilijiona mukubwa sana, mutu wa kwanza wa muji mzima, na kweli nafikiri nilikuwa wa kwanza, hata wa mwisho pia.

Shida yake ni moja: ile machine, ukiizima, inasahau yote. Ili kazi yako isipotee, unaweka radio ya kaseti pembeni, unaiunganisha na kamba, na machine inaimba kazi yako yote mu kaseti, kriiiiii, krrrrr, piiiii, sauti mbaya, mbaya, kama paka yenye mukia yake imebanwa mu mulango wa bati. Kisha siku ingine unachezesha kaseti, machine inasikiliza ule wimbo wake na inakumbuka.

Alors, siku moja ya posho, Jumamosi, mchana, nilikuwa kwa Tonton na radio ya mama (niliikopa), nilikuwa nimemaliza sehemu yenye ilinipa taabu sana, ile ya chui kutoka mu poli na kupigana na musafiri, na palepale mbingu ikakuwa nyeusi upande wa mto, upepo ukaanza kubeba mabati, na bote tunajua mvula ikianguka courant ya umeme inaenda. Kutafuta kaseti yangu: nimeiacha nyumbani. Mu radio mulikuwa kaseti ya mama. Upande moja aliandika na bic ANIMATION, upande ingine hakuna kitu. Nikaigeuza bila kuirudisha ku mwanzo, nikabonyeza. Kusikiliza kwanza kama kweli iko tupu, dakika moja tu, hapana, sikusikiliza. Machine ikaimba, ikamaliza, courant ikaenda, na mimi nikacheka pale mu giza kama mutu mwenye akili.

Nilirudisha radio na kaseti ndani, nikajisemea nitaitoa kesho. Kesho ikaenda na kusoma juu ya mtihani wa chimie. Nikasahau.

Kumbe ule upande haukuwa tupu. Wimbo mupya, wenye mama na banamuke yake balijifunza juu ya commissaire, mukubwa wa serikali mwenye alikuwa anakuja, ulikuwa pale. Aliurekodi akakosa bic ya kuandika, basi.

Siku ya commissaire, batu balijaa mu uwanja ya shule, ba-drapeau, viti vya mbele vya bakubwa, na ma-haut-parleur mbili kubwa juu ya miti. Mama mbele, nyuma yake banamuke mu mistari, bitenge mupya, ba-foulard, bazuri kabisa. Bakaweka kaseti ya mama, wimbo ukaanza. Ngoma, makofi, sauti za banamuke, mama anatingisha mabega, commissaire anacheka, mimi na Tonton tuko tumesimama pembeni, niko na furaha, nasema ona mama yangu.

Kisha kriiiiiii.

Ndugu zangu. Ile sauti mu radio ndogo iko mbaya, lakini mu ma-haut-parleur mbili! Batoto balilia. Mbuzi ilikata kamba. Kila mutu alifunga masikio, na mimi palepale nilijua: ile ni kazi yangu. Lakini mama (mulisikia maneno yake) hakusimama. Aliangalia mbele, akatabasamu, akatafuta ngoma mule mu krrrr-krrrr, na akaipata! Akacheza. Na banamuke bote nyuma yake, nusu yabo macho imetoka inje, bakacheza, kriii mukono juu, piii unageuka, na commissaire hakujua afanye nini, akaanza kupiga makofi polepole, sababu labda njo mziki mupya ya Kinshasa, nani anajua?

Njo mutu wa sécurité akasimama. Alikuwa citoyen mumoja mwembamba, na lunettes nyeusi mu macho, hakuna mutu alikuwa anasalimia yeye bila sababu. Akatoa kaseti kwa mukono yake mwenyewe.

"Ile haiko mziki," akasema. "Ile ni message. Ba-ennemi banatumaka vile mu radio, kwa siri. Kaseti ya nani?"

"Yangu," mama akajibu, jasho inamutoka.

"Ya nini?"

"Ya kucheza, citoyen."

Hapo nikaona askari wawili banasogea karibu na mama. Mimi siko shujaa, mbele ya ile siku nilikuwa naogopa hata panya, lakini nilijisikia natembea, nikafika pale katikati ya uwanja, batu bote bananiangalia, nikasema: "Citoyen, mama hajue kitu. Ile sauti ni yangu. Ni ya kucheza."

"Mama anasema ya kucheza, na mutoto anasema ya kucheza," akasema yule mutu. "Mulipatana vizuri."

"Hapana, kucheza ingine! Si ya miguu, ya ku télé!"

Hakuna mutu mu ule uwanja alielewa, hata mimi nikijisikiliza sikuelewa. Njo commissaire mwenyewe akasema, bon, kama kweli ni mchezo, tuone. Tonton akakimbia na camionnette yake, gari ya kubeba kahawa, mupaka Simi-Simi kuleta ordinateur, na sisi bakatuingiza mu bureau yenye ilikuwa na télé: commissaire, yule wa sécurité, mama, mimi, na batu kama mia mu madirisha.

Nikaunganisha kamba. Nikachezesha kaseti. Sasa mujue, ile machine inakawia kusikiliza wimbo wake, dakika na dakika, kriiii, krrrr, commissaire anakunywa limonade, mama ananiangalia, na mimi sina kitu ya kufanya, naangalia ukuta. Mu ukuta kulikuwa picha ya Président. Na kofia yake. Kofia ya ngozi ya chui, alama ya ukubwa wake.

Chui.

Mu mchezo yangu, adui wa kwanza mwenye unapigana naye ni chui, na maneno iko pale, niliandika mwenyewe, na mikono yangu: BONYEZA 1 KUUA CHUI. Mbele ya commissaire! Nikaomba Mungu courant iende. Nikaangalia dirisha, jua ilikuwa inawaka kama siku ya Noël. Nikatuma mukono polepole ku kamba, na yule mutu wa sécurité akaweka mukono yake juu ya yangu. "Acha," akasema.

Télé ikaandika: JINA LAKO? Commissaire akafurahi, akaandika jina yake na kidole kimoja, akacheka kuiona. Akanunua chikwangue. Akakataa mudanganyifu. "Iko muzuri!" anasema, "iko muzuri sana!" Kisha: CHUI INATOKA MU POLI. BONYEZA 1 KUUA CHUI. BONYEZA 2 KUKIMBIA.

Kidole chake kikabaki juu, mu hewa. Akaangalia picha mu ukuta. Akaangalia mutu wa sécurité.

"Citoyen," akasema, "we bonyeza."

"Mimi? Hapana, Citoyen Commissaire, mimi niko mu kazi."

"Basi wewe mwenye kuitengeneza," commissaire akaniambia, na sauti yake haikuwa tena ya limonade.

Kukimbia sikuweza kubonyeza, sababu pale nilikuwa nimeandika UNAKIMBIA KAMA KUKU, nikaona hiyo inaweza kuleta mambo ingine. Nikabonyeza 1. UNAPIGA CHUI. NGUVU YA CHUI INAPANDA. Sikuelewa. Nikabonyeza tena. Ikapanda tena. Na pale, mbele ya bakubwa, niliona kosa yangu: mahali pa kupunguza niliandika kuongeza! Plus mu nafasi ya moins! Kosa ya mutoto wa primaire! Kila mara nilipiga ile chui, ilikuwa inanona, nilipiga, ilinona, mupaka télé ikaandika UMEKUFA. CHUI INAENDELEA NA SAFARI YAKE.

Commissaire akaweka limonade yake chini.

"Donc," commissaire akasema polepole, "chui haiwezi kuuawa?"

Na mimi (nawaambia kweli, kiburi ya mutu mwenye kutengeneza kitu ni ugonjwa) nilifungua kinywa kueleza kama iko erreur, kosa tu, Citoyen Commissaire, nitaitengeneza kesho, itakufa vizuri sana. Mama akanikanyaga mguu na nguvu yake yote ya kucheza.

"Haiwezi, Citoyen Commissaire," mama akasema. "Hata siku moja. Kila mwenye kuipiga anaiongezea nguvu."

Commissaire akaangalia mama. Akaangalia télé. Kisha akacheka, kicheko kubwa, akapiga makofi, na batu bote mu madirisha bakapiga makofi, na yule mutu wa sécurité alipiga kupita bote, lunettes zake zikateremuka mupaka ku pua. "Batoto ba nchi hii bana akili!" commissaire akasema. Akanirudishia kaseti kwa mikono miwili. Inje, mama akapanga banamuke yake, bakaimba wimbo wao na vinywa vyao wenyewe, bila kaseti, na nilisikia ilikuwa muzuri kupita.

Mimi nilienda nyuma ya bureau nikatapika. Kisha njaa ikanishika, nilikula mihogo ya mama mumoja mwenye sikumujua, nikalia kidogo, nikacheka, nikalia tena. Hewa ilikuwa tamu! Sijawahi kuvuta hewa tamu vile.

Mu camionnette, tukirudia, Tonton anaendesha, ordinateur iko ku magoti yangu, mama anajipepea na foulard. Nilingojea anipige, au aseme juu ya wimbo wake wenye nilifuta. Tulipofika mbali, mahali hakuna batu, akageuka nyuma kuangalia, akageuka tena, akasogeza kinywa ku sikio yangu.

"Zaina, weka mamba."

"Mamba, mama?"

"Weka mamba pale pa chui. Hakuna mutu anavaa mamba mu kichwa."

Tonton alicheka mupaka camionnette ilienda ku mutaro.

Basi. Toka ile siku niliapa: kaseti ya mutu siigusi, hata aniambie iko tupu, hata mvula ianguke ya Noé, na mu mchezo yangu siandike munyama yoyote bila kuuliza mama kwanza. Posho yenye ilifuata nilirudia Simi-Simi, nikaweka mamba, nikageuza plus ikakuwa moins, nikapiga, nikapiga, na ile mamba ikakufa vizuri kabisa. Nilikuwa peke yangu mu salon ya Tonton. Hakuna mutu alipiga makofi, na nilisema asante Mungu.