Kompyuta Ndani ya Mzinga

Tak. Tak. Kimya kidogo, kama mtu anayesita mlangoni, kisha tena: tak.

Mpaka leo Ezekieli akisikia mlio kama huo, hata liwe tone la maji kwenye sufuria, shingo humgeuka yenyewe kuelekea pembe ya sebule ilipokuwa ikikaa kompyuta yake.

Aliiunda mwenyewe, hapohapo nyumbani Ulemo. Bodi aliitoa kwenye mashine iliyotupwa, feni akainunua Singida mjini, na kwa kuwa kasha hakuwa nalo, akavipachika vyote ndani ya mzinga wa mbao aliokuwa ameuchonga kwa ajili ya nyuki. Watu walimcheka. "Ezekieli, asali ya humo nani anairina?" Naye akacheka nao, maana haohao ndio waliomwita na kamera yake kila walipooa au kuozesha. Harusi, ubatizo, sherehe za kuaga mabinti, zote zilihifadhiwa mle mzingani, kwenye diski moja tu.

Humo mlikuwa pia na sauti ya mkewe. Luciana alikuwa akiongoza kwaya kabla ya uvimbe wa shingo. Upasuaji ulimwachia uhai, ukamwachia na mnong'ono. Nyimbo zake za zamani hazikuwa kwingine kokote.

Asubuhi moja alikuja Aneth, binti wa marehemu Mzee Gabrieli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Kesho ni arobaini, baba. Mama anaomba ile video ya kuniaga, tumwone mzee akinibariki. Tangu mwaka jana unaniambia iko karibu."

"Na iko karibu kweli. Iko humu." Akabonyeza kitufe.

Tak. Tak.

Ezekieli akafanya alichozoea. Akaugonga mzinga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ndivyo mrina asali anavyoujua mzinga bila kuufungua: ukigonga wakavuma, wapo. Miaka yote kompyuta ilipokwama aliigonga hivyo, na mara nyingine ilizinduka, naye akakiamini kidole chake. Safari hii ilimjibu tak.

Akafungua mfuniko. Akabadilisha waya unaounga diski na bodi, mlio uleule. Akaunga umeme kwa waya mwingine, uleule. Akaiwasha mashine kwa flashi, na diski ikaonekana kwenye kioo, ikapotea, ikaonekana tena. Basi tatizo halikuwa waya wala umeme. Ni diski yenyewe. Kile kidude cha ndani kinachosoma sahani za diski kilikuwa kimechoka kugongwagongwa.

Hata hivyo mkono ukainuka kugonga tena. Luciana akaudaka.

"Baba Petro," akanong'ona, "nyuki ukiwasumbua kila siku wanahama. Hawa wako wanafunga mizigo."

Aneth alitaka kucheka, akaziba mdomo.

Ezekieli akailaza diski juu ya kanga iliyokunjwa isitikisike, akaielekezea feni, akaunga diski nyingine ya kunakilia. Alijua kwamba diski inayokufa haikupi vyote, na kwamba unaanza na kile usichoweza kukikosa. Mshale ukaenda moja kwa moja kwenye folda iliyoandikwa Luciana.

"Siyo hiyo," mkewe akasema.

"Mama Petro, hii ikizima haiwaki tena. Sauti yako nyingine sina."

"Mimi nipo. Mzee Gabrieli hayupo. Anza na yake."

"Mama, jamani, si lazima..." Aneth akaanza.

"Nyamaza wewe, bibi harusi wa mwaka jana."

Ezekieli akausogeza mshale. Video ilihama kwa kujikokota, ikisimama kila diski ilipolia, nao watatu wakisimama kupumua pamoja nayo. Ikafika. Akaifungua ile nakala: Mzee Gabrieli, kofia kwapani, mkono juu ya kichwa cha bintiye. "Nenda, mwanangu, njia ikupokee." Aneth akalia bila kujificha, akaondoka na nakala kwenye flashi nyingine, ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Ezekieli akarudi mbio kwenye folda ya mkewe. Tak. Tak. Kisha hata mlio ukakoma. Akaiacha ipoe, akajaribu tena. Haikuonekana tena kwenye kioo. Akakaa akiutazama mzinga uliokuwa wazi.

Kutoka jikoni akasikia kitu. Luciana alikuwa akipepeta uwele, na kwa kudhani yuko peke yake alikuwa akiufuata wimbo wa kwaya kwa ule mnong'ono wake, nusu pumzi nusu sauti, ukikatika na kujiunga.

Ezekieli akafika mlangoni. Kidole kikainuka kugonga ubao, kwa mazoea tu. Akakishusha.

"Rudia pale mwanzo, Luciana," akasema taratibu sana, kama anayeogopa kuwashtua nyuki. "Sitagonga."